Mbwa Mgeni na Ulimi Uliotoka: Dalili za Kalab katika Vitabu vya Mafakihi na Matabibu

Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Miaka mingi iliyopita, baada ya darsa ya Alasiri, kijana mmoja alinijia akiwa ameikunja kanzu yake mkononi. Mbwa mgeni, asiyejulikana katokea wapi, alikuwa amelala tangu asubuhi chini ya mwarobaini ulio nyuma ya birika la msikiti. Kijana alimwonea huruma, akampelekea maji katika kifuu cha nazi. Mbwa akanyanyua kichwa, akajaribu kunywa, akamlowesha mate pindo la kanzu na kiganja cha mkono. Suali la kijana lilikuwa moja tu: kanzu ile ataitoharishaje? Nikamjibu kama nilivyofundishwa na masheikh wangu, kwamba ataiosha mara saba, mara moja kati ya hizo iwe kwa udongo, na mkono wake vivyo hivyo. Akashukuru, akenda zake.

Jawabu langu lilikuwa sahihi kwa madhehebu ya Imamu Shafi (R.A.), wala sijalirudi hadi leo. Lakini bibi yake kijana ndiye aliyeuliza nisilouliza mimi. Alipoisikia habari ile jikoni kwake alitaka kujua: mbwa mwenyewe alikuwa na hali gani? Alibweka, au sauti ilikuwa haimtoki? Maji aliyameza, au yalimmwagikia kifuani? Na huo mkono wa mjukuu wangu, una mchubuko au hauna? Mchubuko ulikuwepo, mdogo, wa kazi ya shamba. Usiku ule ule bibi akamchukua mjukuu wake hospitali.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi vitabuni kutafuta kama wazee wetu katika elimu nao waliliuliza suali la bibi yule. Nimekuta kwamba waliliuliza, tena kwa undani kuliko nilivyotazamia, na kwamba baadhi ya hukumu za fiqhi tunazozisoma kwa haraka zimesimama juu ya kumtazama mnyama kwa makini kabla ya kutamka lolote juu yake.

Tuanze na hadithi tunayoijua sote, aliyoipokea Abu Huraira (R.A.) na ikathibiti kwa Bukhari na Muslim, ya mtu aliyekuwa njiani akashikwa na kiu, akateremka kisimani akanywa, alipotoka akamkuta mbwa anatweta na kula udongo wenye unyevu. Wahadhiri wetu, nami nikiwemo, hukimbilia mwisho wake: akashuka tena, akakijaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno, akampa mbwa, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Lakini katikati ya kisa mna jambo tunalolipita. Mtu yule kwanza alisoma dalili. Aliona ulimi nje, akaona mbwa anakula udongo uliolowa, akajua kwa dalili hizo mbili pamoja kwamba mnyama yule amefikwa na kiu kama iliyomfika yeye mwenyewe dakika chache nyuma. Rehema yake ilitanguliwa na utambuzi.

Na ulimi peke yake haungemtosha. Katika Suratul Aaraf, aya ya 176, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa mbwa ambaye hutweta na kutoa ulimi ukimkaripia au ukimwacha. Maana yake ni kwamba hiyo ndiyo tabia ya mbwa katika hali zake zote: akiwa mzima, akiwa na kiu, akiwa amechoka, akiwa mgonjwa. Mwenye kumhukumu mbwa kwa ulimi wake amehukumu kwa jambo lisilopambanua kitu. Shikeni hapo, tutarudi.

Waarabu walikuwa na neno makhsusi la ugonjwa tunaouita sisi kichaa cha mbwa. Waliuita kalab, na mbwa aliyepatwa nao wakamwita kalib. Neno limetokana na jina lenyewe la mbwa, kalb, kana kwamba ugonjwa huu ndio ubwa uliovuka mpaka wake. Waliujua vizuri katika Jahilia, wakawa na itikadi kwamba damu ya wafalme na watu wa nasaba tukufu humponya aliyeumwa na mbwa kalib. Washairi wao wakaisifia kaumu kwa damu hiyo, na al-Jahidh, aliyefariki mwaka 255 H. (868/869), akaitaja itikadi hiyo katika Kitabul Hayawan, ndani ya ule mjadala wake mrefu baina ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo. Ajabu ya kitabu kile ni kwamba msomaji huingia akidhani anafanyiwa mzaha, akatoka amejifunza.

Mtume (S.A.W.) naye aliutumia ugonjwa huu katika mafundisho. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Muawiya (R.A.) kwamba alipotaja mgawanyiko wa umma alitaja watu ambao matamanio yatawapita mwilini kama kalab inavyompita aliyepatwa nayo, usibaki mshipa wala kiungo ila imeingia. Wasikilizaji wa Hijazi hawakuhitaji sherehe. Walikwisha kumwona mtu aliyeumwa akakaa wiki nyingi mzima wa afya, kisha maradhi yakamtokea yakiwa yamekwisha kumwenea. Leo matabibu wanatueleza kwamba virusi vya ugonjwa huu huingia jerahani na mate, vikapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha vikateremka tena mpaka kwenye matezi ya mate. Dalili zikishamtokea mtu, hapana dawa ya kutegemewa, na karibu wote hufa.

Mafakihi walitofautisha majina mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuna mbwa 'aqur na kuna mbwa kalib. 'Aqur ndiye aliyetajwa katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) ya wanyama watano wanaouawa hata ndani ya Haram, pamoja na kunguru, mwewe, nge na panya. Imamu Malik katika Muwatta amelipanua neno hilo akaingiza kila mnyama mwenye kujeruhi watu, kuwashambulia na kuwatisha, mfano wa simba, chui na mbwa mwitu. Kwa hiyo 'aqur ni sifa ya tendo: anauma. Kalib ni sifa ya maradhi: anaumwa. Mbwa mkali wa shamba anaweza kuwa 'aqur na damu yake ni nzima kabisa, na mbwa kalib anaweza kulala kimya chini ya mwarobaini. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H. (1277), alipoisherehesha Sahih Muslim aliwataja wawili hao kwa majina yao mbali mbali, akasema wanazuoni wamekubaliana kuuawa kwao, na wakakhitalifiana juu ya mbwa asiye na madhara.

Juu ya huyo asiye na madhara historia ni fupi na iko wazi. Mtume (S.A.W.) aliamrisha mbwa wa Madina wauawe, kisha akalikataza hilo, akaruhusu wafugwe wa kuwinda na wa kuchunga, na imepokewa pia kwamba mbwa ni umma miongoni mwa umma. Imamul Haramain al-Juwaini (aliyefariki 478 H. / 1085) aliona amri ya kuua imekwisha kufutwa, na kwamba sharia imetulia juu ya kukataza kumwua mbwa asiyedhuru, na Nawawi akamnukuu. Hapo ndipo haja ya kupambanua inapozaliwa. Ikiwa mgonjwa wa kalab anauawa na mzima hauawi, basi mwenye kushika fimbo anawajibika kujua ni yupi aliye mbele yake.

Elimu hiyo waliibeba matabibu. Kutoka kwa Wayunani walirithi mengi ya sawa, na kosa moja kubwa. Katika kitabu cha Aristotle juu ya wanyama imo kauli kwamba mbwa mwenye kichaa akimuuma mnyama yeyote humwambukiza isipokuwa mwanadamu. Bedui yeyote angeweza kumsahihisha. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 313 H. (925), hakuhitaji kubishana, kwani wagonjwa wenyewe aliwaona. Katika al-Hawi ametaja mmoja aliyekuwa akibweka usiku kisha akafa, na mwingine aliyekuwa akitetemeka aonapo maji mpaka yaondolewe mbele yake.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 H. (1037), ndiye aliyezikusanya dalili za mbwa mwenyewe katika sehemu ya nne ya al-Qanun fit-Tibb, kwa mpangilio ambao daktari wa mifugo wa leo angeutambua. Mbwa kalib kwake ni mbwa ambaye macho yamemwiva mekundu, ulimi umetoka, mate yanamchuruzika, kichwa kimeinama, masikio yamelegea, mkia ameuingiza baina ya miguu. Mwendo wake ni wa mlevi, huku amejikunja kwa namna ya mwenye huzuni. Ana njaa lakini hali, ana kiu na maji anayakimbia. Akiona kivuli au umbo lolote hulirukia, naye habweki, au akibweka sauti imemkauka. Na mbwa wenzake humkwepa, wakimkuta njiani humpisha. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa sababu ni dalili isiyopatikana kwa kumtazama mgonjwa peke yake. Ni lazima uketi, utazame njia yote.

Tazama sasa ulimi ulivyorudi. Umo katika kisa cha mtu wa kisimani na umo katika orodha ya Ibn Sina. Ishara moja, wanyama wawili: mmoja anastahiki maji, wa pili mtu anapaswa kujilinda naye. Kinachowapambanua ni yale mengine, yaani macho, mkia, sauti, mwendo, na namna anavyoyapokea maji.

Katika sababu za ugonjwa Ibn Sina alikosea, kama wenzake wote wa zama zile. Aliona mizaji ya mbwa hugeuka kuwa ya nyongo nyeusi yenye sumu, kwa joto kali au baridi, au kwa kula mizoga na kunywa maji yaliyooza. Na jaribio alilolitaja la kujua kama mbwa aliyeuma alikuwa kalib, nalo ni kuweka jozi iliyopondwa juu ya jeraha kisha kumpa kuku na kungoja kama atakufa, halina msingi. Nalitaja kwa sababu mambo ya namna hiyo bado yapo mitaani kwetu kwa sura nyingine, na kuwemo katika kitabu kikubwa hakuyafanyi kuwa kweli. Lakini agizo lake kwamba jeraha la mbwa kalib lisiachwe likafunga upesi linaonyesha amejua kwamba hatari imo ndani ya jeraha dogo hata likionekana limepona.

Nimefika sasa pahala palipo karibu na moyo wangu zaidi, yaani Cordoba.

Abul Walid Ibn Rushd, babu, aliyefariki mwaka 520 H. (1126), alikuwa kadhi na mkubwa wa Wamaliki wa Andalusi. Madhehebu ya Malik, kama ijulikanavyo, hayaoni mate ya mbwa kuwa najisi, kwa hiyo yamekabiliwa na mushkili ambao sisi Mashafi hatunao: kama mate ni tohara, kwa nini Mtume (S.A.W.) akaamrisha chombo alichorambia mbwa kioshwe mara saba? Wengi wao wamesema ni taabudi, ibada isiyojulikana sababu yake. Ibn Rushd babu hakuridhika. Katika al-Muqaddimat akasema hadithi ina maana inayofahamika kwa akili: kuosha si kwa ajili ya najisi bali ni kwa kuchelea kwamba mbwa aliyerambia huenda ni kalib, ikaogopwa sumu yake. Na idadi ya saba, akasema, ndiyo idadi inayokuja katika sharia penye tiba na kinga. Msomaji atakumbuka tende saba za ajwa, na viriba saba alivyomiminiwa Mtume (S.A.W.) katika maradhi yake ya mwisho.

Mjukuu wake, Ibn Rushd tunayemjua zaidi, aliyefariki mwaka 595 H. (1198), alikuwa kadhi na tabibu kwa pamoja. Katika Bidayatul Mujtahid anaitaja rai ya babu yake, kisha anataja upinzani uliomfikia. Baadhi ya watu walisema kauli hiyo haisimami, kwa kuwa mbwa kalib huogopa maji wala hayakaribii, basi ataramba vipi chomboni? Jawabu la mjukuu ni jawabu la mtu aliyeujua ugonjwa: hilo la kuyakimbia maji ni pale maradhi yanapokuwa yamemshika barabara, si katika mwanzo wake na yanapoanza kumtokea. Kwa hiyo upinzani hauna maana.

Mimi nimelisoma somo hili nikiwa mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu, nikalipita kama wanafunzi wanavyopita kila qila wa qila. Leo nalisoma kwa macho mengine. Maana hivi ndivyo ilivyothibiti kwa uchunguzi wa zama zetu: mate ya mbwa huweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla dalili yoyote haijaonekana kwake. Ndiyo sababu mbwa aliyeuma mtu, akiwa anaonekana mzima, hufungwa akatazamwa muda wa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, basi hakuwa akitoa virusi siku alipouma. Mjukuu wa Ibn Rushd hakuwa na hadubini wala hakujua virusi ni nini, na sitaki kumtwisha asiyoyasema. Alilolijua ni kwamba ugonjwa una mwanzo, na mwanzo wake haufanani na mwisho wake.

Sisemi kwamba rai ya babu ndiyo yenye nguvu katika suala la najisi. Mashafi tunashikamana na lafudhi ya hadithi yenyewe, iliyotaja kutoharika kwa chombo, na tohara hailetwi ila penye hadathi au najisi. Lakini mtu anaweza kuibakisha hukumu yake ya tohara na bado akaipokea tahadhari ya Ibn Rushd. Kosa langu siku ile lilikuwa kudhani kwamba nikishajibu ya kwanza nimekwisha jibu yote.

Na wala wasidhani Mashafi kwamba vitabu vyetu vimeliacha suala hili. Fungua Minhaj ya Nawawi, mlango wa tayammamu, katika sababu zinazomhalalishia mtu kuacha kutia udhu naye ana maji. Mojawapo ni kuwa maji yale yanahitajiwa kwa kiu ya mwenye kuheshimiwa, yaani kiumbe ambaye uhai wake una hurma. Wafasiri wa Minhaj wakaingia kuchambua ni nani huyo, wakafika kwa mbwa. Mbwa mwenye manufaa, wa kuwinda au wa kulinda, ana hurma bila khilafu: mtu atampa maji, yeye atapiga mchanga na kuswali. Mbwa 'aqur hana hurma, maji hayabakizwi kwa ajili yake. Na yule wa tatu, mbwa koko asiye na faida wala madhara, wanazuoni wamekhitalifiana, na kauli inayotegemewa kwa al-Ramli ni kwamba naye ana hurma na kumwua ni haramu. Yaani msafiri mwenye kibuyu kimoja, wakati wa swala umeingia, mbwa asiyemjua amelala mbele yake ulimi nje, hawezi kujua hata kama atatia udhu au atatayammamu mpaka amtazame mbwa yule na kumtambua.

Naye al-Izz bin Abdis-Salaam (aliyefariki 660 H. / 1262) amehesabu katika haki za wanyama juu ya binadamu kwamba mnyama alishwe hata akiwa amezeeka au anaumwa kiasi cha kutotarajiwa faida kwake. Maneno yake ni ya mnyama mwenye mwenyewe. Mbwa koko mwenyewe ni nani? Suala hili sijaliona likijibiwa kwa urefu, na nawaachia wanafunzi walifanyie kazi.

Elimu hii ilifika hadi kwenye dola. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Habari zilipofika Istanbul, Sultani Abdulhamid wa Pili hakungoja. Mwaka 1886 alituma wajumbe watatu kwenda kujifunza kwa Pasteur, mmoja wao daktari wa wanyama, pamoja na nishani na msaada wa fedha. Waliporudi, mwaka 1887 hospitali ya tiba hiyo ikafunguliwa Istanbul, na jina lake likawa lile lile la vitabu vya kale, Daul Kalb. Mji ule ulikuwa na mbwa wa mitaani wasiohesabika, na watu wake walikuwa wakiwawekea maji na mabaki ya chakula milangoni.

Kisha ikaja kinyume chake. Sultani alikwisha kuondolewa mwaka 1909, na mwaka 1910 watawala wapya, waliotaka mji ufanane na miji ya Ulaya, waliwakusanya mbwa kwa maelfu, wakawapakia mashua na kuwatupa katika kisiwa cha Sivriada katika bahari ya Marmara, mwamba usio na maji wala chakula. Wakafa kwa kiu na kwa kulana wao kwa wao. Hakuna aliyewapambanua, wazima na wagonjwa wote walitupwa pamoja. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Shaddad bin Aus (R.A.) kwa Muslim, ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuua. Hata mbwa kalib, ambaye kuuawa kwake kumeafikiwa, ni mgonjwa, na hauawi kwa kiu wala kwa mawe ya watoto.

Kwetu huku jambo hili si la vitabuni. Kenya, mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na kichaa alipatikana kando ya Nairobi mwaka 1912. Pemba, kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu, ugonjwa ulikuwa ukizunguka mwaka 2010 chanjo ya mbwa ilipoanza kufanywa kwa mpango. Kufikia 2014 ukawa umekatika. Mwaka 2016 ukarudi, umeletwa kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na 2018 ukakatika mara ya pili. Mbwa wa Pemba walikuwa ni wale wale waliokuwa wakifukuzwa kwa mawe, na kilichowaokoa watu ni kuwashika mbwa hao na kuwachanja. Wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukose njia. Duniani kote hukadiriwa watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto.

Kwa mwenye kumkuta mbwa mgeni, kuna mambo ambayo Ibn Sina hakuyaeleza au aliyaeleza nusu. Kwanza, kichaa kina sura mbili. Ile aliyoielezea zaidi ni ya mbwa mwenye kushambulia. Sura ya pili ni ya kimya: mbwa hulegea, taya la chini huanguka, mate humtoka kwa kuwa koo limepooza, naye hataki ugomvi na mtu. Huyu ndiye anayewaua wenye huruma. Mtu humwona, akadhani mfupa umemkwama, akatia mkono kinywani kuutoa. Pili, si sahihi kwamba kila mbwa mwenye kichaa hukimbia maji. Kuogopa maji ni dalili ya mwanadamu. Mbwa huweza kuyaendea, akachovya mdomo, akashindwa kumeza. Kwa hiyo kifuu cha maji hakimtakasi mbwa na shaka.

Tatu, kila mbwa mgonjwa si kalib, na kumdhania kila aliyedhoofika ni kumdhulumu. Mbwa koko wengi wana kupe, minyoo na upele: utamwona mbavu zimetokeza, fizi zimepauka, manyoya yamemnyonyoka. Kuna ugonjwa mwingine unaomtoa makamasi na tongo, na baadaye humtia kifafa, ukadhaniwa kichaa. Ngozi ya shingo ukiivuta ikachelewa kurudi, huyo amekaukiwa maji, ndiye mbwa wa kisimani. Hayo huyafanya daktari wa mifugo, mwenye glavu na chanjo yake mwenyewe. Sisi wengine tumtazame kwa mbali, tuwaondoe watoto, tumwite.

Na aliyeumwa, au aliyeguswa na mate penye mchubuko, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Udongo ni wa chombo na nguo. Katika jeraha udongo ni dhara, na dhara huondolewa. Tohara ina wakati wake baada ya hapo, na haitampita.

Mbwa wa mwarobaini alikufa siku ya tatu. Bwana mifugo alikuja akachukua kichwa, na majibu yakaja kwamba ni kichaa. Kijana alichomwa sindano zake zote, na sasa ni baba wa watoto wanne. Bibi yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinitumia salamu siku ile ya tatu kwa mtoto wa jirani: hakuuliza kuhusu kanzu, aliuliza kama kile kifuu kimeondolewa pale birikani. Kilikuwa bado kipo. Nilikwenda mwenyewe na jembe, nikakifukia.